Mwili si Uwanja wa Vita

Mwaka 2010 kampuni ya Electronic Arts ilitoa mchezo wa video uitwao Microbot, uliouzwa kwa kupakuliwa katika intaneti. Mchezaji alipewa roboti ndogo mno, isiyoonekana kwa macho, akaiingiza katika mwili wa binadamu. Kijiti cha kushoto kiliiendesha, cha kulia kilimimina risasi. Kilichomkabili alikipiga, njia ikawa wazi, akasonga mbele.

Watetezi wa michezo ya namna hii husema kwamba humfundisha kijana habari za mwili wake. Dai hilo halina budi kukataliwa, na mahali pa kulikatalia ni Morogoro, ambako ugonjwa uliojificha mwilini hutafutwa kwa njia nyingine kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja aweza kunusa vipimo 100 kwa dakika 20, kazi ambayo huweza kumchukua mtaalamu wa hadubini hadi siku 4. Akisita juu ya tundu moja na kulikwaruza, kipimo hicho hupelekwa maabara kikathibitishwe. Hapana risasi hata moja hapo. Pana pua, subira na ndizi kidogo ya kumtuza panya.

Na huyo adui yuko wapi? Hapa ndipo mchezo unaposema uongo. Kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza Robert Koch mwaka 1882, humezwa na chembe za kinga, kisha kikaishi humo humo ndani ya chembe iliyokimeza. Mwenye bunduki ampige nani? Aghalabu mwili wenyewe haukimalizi kijidudu hicho: hukusanya chembe nyingine zikakizunguka kama ugo, na watu wengi hukaa nacho maisha yao yote wasiugue.

Lawama si za wageni peke yao. Walimu wa Kiswahili nao wameziita chembe nyeupe za damu "askari wa mwili" hata jina likazoeleka, na hali lugha ilikuwa na neno bora: kinga. Mtu hujikinga na mvua; haipigi mvua risasi. Tena Kiswahili kimezaa kuuguza katika kuugua, kana kwamba hakuna mgonjwa asiye na mtu wa kukaa naye.

Yamkini mtu atacheka, aseme huu ni mchezo tu. Na acheke. Lakini vita vina siku ya ushindi, na tiba ya kifua kikuu haina siku ya namna hiyo: ni dawa 4 kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 4. Mkulima wa Mgeta, huko juu Uluguru, huweza kupata nafuu katika majuma machache. Kikohozi kimekoma, mwili umerudi, kabichi zangoja kuteremshwa mjini. Aliyefunzwa kwamba ugonjwa ni adui wa kupigwa ataona adui amekwisha kuanguka, ataacha vidonge, na vijidudu vilivyosalia huweza kurudi vikiwa sugu. Roboti haina mwezi wa 5. Mkulima anao, na katika mwezi huo hana homa wala kikohozi cha kumkumbusha, ila maneno aliyoambiwa siku ya kwanza alipopewa dawa.