Bampa ya chuma si ya picha

Wasee, tuambiane ukweli. Wengi tunaweka bampa ya chuma nyuma ndio gari ikae kali kwa picha. Mimi na brathe tulifanya hivyo na Jimny yake. Fundi akaifunga kwa bati la bodi, akapaka rangi, tukalipa.

Siku moja tukakwama kwa matope Kajiado. Tukafunga kamba kwa hiyo bampa tuvutwe. Upande mmoja uling'oka, pete ya kamba ikaruka, ikapita karibu na sikio langu.

Simlaumu fundi. Sisi tulimuuliza rangi tu. Bampa ya kuvutia gari lazima ifungwe kwa chesisi na bolti ngumu. Kabla hujalipa, lala chini ya gari uangalie imeshikwa wapi. Rangi haitakutoa kwa matope.