DAFTARI LA PILI LIKO WAPI?



Watawa Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, wana ofisi ya misheni iitwayo prokura. Kazi yake yajulikana: kukusanya sadaka, kununua vyombo, kupakia melini, na kuandika habari ili wafadhili wasichoke kutoa. Historia yake husimuliwa kwa daftari moja tu, la waliotoa. Sisi wana chama twauliza: daftari la waliobeba, waliojenga na waliofundisha liko wapi?

Tuzitazame tarehe. Mwaka 1884 Padre Andreas Amrhein, Mswisi, alilianzisha shirika hilo. Mwaka 1885 Kaisari wa Ujerumani aliwapa akina Carl Peters barua ya ulinzi juu ya nchi yetu, wala hatukuulizwa. Mwaka 1888 wamisionari walikuwa wamekwisha piga kambi Pugu. Bendera na msalaba vilipita njia moja, na watu wetu waliona hivyo. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, Pugu ilishambuliwa, watawa watatu wakauawa. Mwaka 1905, katika Maji Maji, aliuawa Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne. Hatufurahii kifo cha mtu. Lakini majina ya watano hao yameandikwa. Nani ameyaandika majina ya maelfu waliokufa kwa njaa, jeshi la Kaisari lilipochoma vyakula na mashamba?

Na fedha ziliombwaje? St. Ottilien ilichapa gazeti la watoto wa huko liitwalo Das Heidenkind, maana yake Mtoto wa Kipagani. Huyo ndiye babu yetu! Mtoto mwenye jina, ukoo na lugha yake akageuzwa picha ya kuombea senti.

Watatuambia: bila senti hizo msingepata hospitali ya Peramiho wala ya Ndanda. Hatukatai. Wagonjwa wetu walipona humo, na shukrani tunayo. Lakini hesabu ina pande mbili, na sisi tuliosomea ualimu hatumpi mwanafunzi alama kwa upande mmoja. Baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 Wajerumani waliondolewa nchini. Nani aliendelea kufundisha sala vijijini? Makatekista Waafrika! Hata hivyo, Peramiho iliyoanzishwa 1898 ilingoja mpaka 1957 ndipo makao ya watawa wanaume Waafrika yakaanza, tena kando, huko Hanga. Miaka 59! Mwafrika alifaa kulinda kanisa, hakufaa kuvaa kanzu ya mtawa.

Mwaka 2005 St. Ottilien iliirudisha Korea albamu ya michoro ya Jeong Seon, iliyokuwa imepelekwa Ujerumani na Abate Norbert Weber. Ilikabidhiwa ndugu zao wa Waegwan. Twalisifu jambo hilo. Basi kilichowezekana kwa Mkorea kisishindikane kwa Mngoni na Mmakua.

Twadai mambo matatu. Kwanza, orodha ya vitu vyote vya Afrika ya Mashariki vilivyomo katika jumba la makumbusho la St. Ottilien, kwa Kiswahili. Pili, nakala za picha na barua zote ziletwe Songea na Ndanda, watoto wetu wazisome. Tatu, majina ya makatekista yachapwe pamoja na majina ya wafadhili.

Hatuombi sadaka. Twadai hesabu.