Tembo la Mgema na Bia ya Ndovu

Yasimuliwa kwamba mwaka 1923 ndovu alimuua George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda cha bia kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1922. Bia ya kiwanda hicho ikaitwa Tusker, na kichwa cha ndovu kingali kwenye chupa mpaka leo. Sisi watu wa pwani twatabasamu, kwani lugha yetu ilikwisha waweka mnyama na kinywaji katika neno moja. Kuna tembo wa mwituni na kuna tembo la mgema. Sarufi ndiyo inayowatenga: yule ni wa, hili ni la.

Mwandishi wa makala haya hanywi, na mtu aliyelelewa chuoni kwa msahafu haulizwi sababu. Lakini kutokunywa si kutojua. Ukipita Mwakirunge, au ukivuka feri ukaingia ndani ya Likoni, bado utaona minazi iliyochongwa vidato kutoka shinani hadi kileleni. Mgema hupanda na kotama yake kiunoni, akalifunga karara kabla halijapasuka, akalikata ncha, akaning'iniza kitoma. Hurudi asubuhi na jioni kukata kipande kingine chembamba, utomvu usizibe. Mnazi uliogemwa hauzai nazi katika karara hilo, basi mwenye shamba huchagua: mafuta na tui, au tembo.

Siku hizi husikika hoja kwamba mgema aige kiwanda. Tembo litiwe chupani, libandikwe karatasi yenye picha, likae dukani wiki mbili kama bia. Hoja hiyo yavutia, lakini waitoao hawajatazama bia hupikwaje. Shayiri haina sukari ya kutosha, ina wanga. Sharti ilowekwe, ichipue, ikaushwe, isagwe, ilowekwe tena katika maji ya moto hata wanga ugeuke sukari, ichemshwe pamoja na maua machungu ya hopsi, ipoe, ndipo itiwe hamira iliyochaguliwa. Mnazi hauna haja ya yote hayo. Sukari i tayari ndani ya utomvu, na hamira yaja yenyewe, kutoka hewani na kutoka kitoma cha jana. Linaloteremshwa alfajiri ni tamu. Adhuhuri limekwisha kuwa kali. Likilala siku chache laelekea kuwa siki. Huko Goa na Sri Lanka tembo hilo hilo huumua unga wa mikate yao.

Tusiseme haiwezekani. Louis Pasteur alitoa kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, na tangu hapo yajulikana kwamba moto wa kadiri huua vijidudu vinavyochachusha. Sri Lanka hulitia tembo chupani. Lakini hiyo ni kazi ya mitambo, si ya mtu mwenye minazi mitano ya kukodi. Anayejaribu nyumbani bila mitambo hujikuta akiongeza maji, sukari na hamira ya dukani, kisha akaliita mnazi. Methali yetu yasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sukari haikutajwa.

Hapa ndipo tunapogombana na wakubwa. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa. Sheria ya 2010 ikaifuta hiyo na kuweka leseni. Mwezi wa Novemba 2000 watu zaidi ya mia walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Methanoli ile haikutoka kileleni mwa mnazi. Lakini kila msako ukipigwa, mgema hukimbizwa pamoja na mpika sumu.

Na tazama jambo jingine. Mwaka 2004 kiwanda cha Nairobi kilitoa Senator, bia ya pipa ya bei nafuu, ili kuwavuta wanyonge waache pombe haramu. Serikali ikaisamehe kodi. Mwaka 2013 msamaha ulipopunguzwa, mauzo yakaanguka vibaya. Ikiwa kiwanda kikubwa chahitaji kubebwa hivyo ili kishindane na kibuyu, mbona mwenye kibuyu habebwi hata kwa leseni ya peke yake, mbali na ya pombe za kukenekwa, yenye sharti moja kubwa: tembo liuzwe siku liliyogemwa?

Wako akina mama wa Changamwe watakaotuuliza kama tumesahau mshahara unaoishia mangweni. Hatukusahau. Wala hatukusahau hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi, mbebaji na muuzaji wakiwamo, ijapokuwa waungwana wengi wenye mashamba walipokea kodi ya minazi bila kuhesabu hadi kumi. Haya ni mambo ya kila mtu na Mola wake. Sisi twadai mengine, ya lugha.

Kidato ambacho mtoto wako anasomea shuleni kilichongwa kwanza kwenye shina la mnazi. Minazi ya Kisauni inakatwa mbao na viwanja vinauzwa. Kotama, karara na kitoma vitabaki kwenye kamusi bila mtu wa kuvionyesha kwa kidole. Wasomaji wa Mtongwe, Miritini na Mwakirunge wenye majina mengine ya zana za ugema, na ya hatua za tembo tangu likiwa tamu mpaka siki, watuletee, na kila jina lije na kijiji chake.