VYUO VISIFICHE MARADHI

Mkulima wa Ulemo, wilayani Iramba, humpeleka mwanawe chuoni kwa jasho la alizeti na mtama. Akishamwacha mlangoni, iwe ni Chuo cha Ualimu Kinampanda kilicho wilayani humo humo, au vyuo vya Singida mjini, au Chuo Kikuu cha Dodoma, amekwisha kuweka amana. Ada huandikiwa stakabadhi, na maksi huandikiwa cheti. Lakini wizi wa bwenini, mwanafunzi aliyepigwa, binti aliyenajisiwa, au mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ndipo atoe maksi, hayo mzazi haandikiwi popote. Sisi twasema kuwa mzazi huyu anayo haki ya kuambiwa, na chuo kinao wajibu wa kumwambia.

Wako watakaodhani kuwa twadai jambo jipya. Sivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai chaagiza kuwa kila mtu apataye habari za kosa la jinai lililotendwa au linalokusudiwa kutendwa, azifikishe mara moja kwa polisi au kwa mwenye mamlaka wa mahali pale, naye huyo azipeleke kituoni. Sheria haikumtoa mkuu wa chuo katika amri hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, yafanya kuwa ni jinai kwa mwenye madaraka kudai ngono kama sharti la kumpa mtu haki au upendeleo. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Mwaka 2021 Serikali ikatoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati. Kwa hiyo amri zipo. Lililobaki ni utii.

Kwa nini utii huwa mgumu? Hapana shaka ni kwa sababu ya hofu ya kuharibu jina. Mkuu wa chuo huona kuwa kosa likiandikwa, wazazi watakimbia. Basi huwaita wahusika ofisini, huwapatanisha, na shauri hutangazwa kuwa limekwisha. Mwenye kosa hubaki na nafasi ya kulirudia, na aliyeonewa hubaki na jeraha lake. Huko si kulinda jina la chuo. Ni kumlinda mkosaji kwa gharama ya wanafunzi wote waliobaki.

Nchi yetu imekwisha kuona mwisho wa mambo hayo. Mwezi wa Februari, 1990, mwanafunzi Levina Mukasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijitoa uhai baada ya kuteswa na kufedheheshwa na kundi la siri la wanafunzi lililojiita Punch. Kundi hilo lilibandika matusi yake ukutani, mahali ambapo kila apitaye aliweza kuyasoma. Yaani mateso yenyewe hayakuwa ya siri hata kidogo. Kisichokuwapo ni njia ya kuyageuza yale yaliyojulikana na wengi yawe taarifa yenye mtu wa kuijibu.

Mwaka huo huo wa 1990 Marekani ilipitisha sheria ambayo baadaye ilipewa jina la Jeanne Clery, msichana aliyenajisiwa na kuuawa na mwanafunzi mwenziwe bwenini mwake, katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Aprili 1986. Wazazi wake walilalamika kuwa hawakuambiwa makosa yaliyokuwa yametokea chuoni hapo kabla. Sheria hiyo huvitaka vyuo kuweka daftari la makosa ambalo yeyote aweza kulisoma, kuwaonya wanafunzi hatari inapotokea, na kutangaza kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Oktoba kupita, hesabu ya makosa ya miaka 3. Nayo ina meno: Machi 2024, Chuo Kikuu cha Liberty kilitozwa faini ya dola milioni 14. Hatusemi tuige kila kitu cha Marekani. Twasema kuwa walio matajiri kutuzidi nao walijaribu kuficha, wakajifunza kwa kilio.

Basi vyuo vyetu vifanye nini? Kwanza, kila chuo kiwe na daftari moja la makosa, lenye tarehe, mahali, aina ya kosa na hatua iliyochukuliwa. Majina ya walioonewa yasionyeshwe watu. Pili, dawati la jinsia lisiwe kibao mlangoni tu: awepo mtu anayejulikana, mwenye mafunzo, asiyekuwa chini ya mwalimu anayeshtakiwa. Tatu, jinai iende polisi, na rushwa ya ngono iende TAKUKURU, ambao simu yao ni 113. Kamati ya nidhamu ya chuo si mahakama. Nne, hesabu za mwaka zibandikwe na zisomwe mbele ya wazazi. Tano, wanafunzi wengi hupanga vyumba mitaani. Chuo kishirikiane na watendaji wa mitaa na vijiji, maana mwanafunzi haachi kuwa mwanafunzi kwa kulala nje ya uzio.

Wengine watauliza: je, msingiziwa? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni jepesi. Daftari huandika lalamiko, halitoi hukumu. Uchunguzi wa wazi humwokoa asiye na kosa kuliko minong'ono ya vibarazani, ambayo haina mahali pa kujibiwa. Tena tusidanganyike na chuo chenye daftari tupu. Huenda hapo hakuna kosa. Lakini huenda pia hakuna anayethubutu kusema. Chuo ambacho hesabu zake zimepanda baada ya kufungua dawati hakijaharibika. Kimeanza kuaminiwa.

Twawageukia wafanyakazi. Mlinzi wa lango, mpishi, matroni na karani ndio waonao mengi kabla ya mkuu wa chuo. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza kazi. Vyama vya wafanyakazi visimame nyuma yao, viwafundishe sheria ile ya mwaka 2015, na visikubali mfanyakazi aadhibiwe kwa kusema kweli. Nao wanachama walio katika bodi na mabaraza ya vyuo, katika mkutano ujao waulize swali moja tu: daftari liko wapi? Asiyeweza kulionyesha, na aeleze sababu.

Wazee wetu walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mkulima wa Ulemo hakuomba aambiwe habari njema. Aliomba elimu kwa mwanawe, na mwanawe arudi nyumbani akiwa mzima. Chuo kisichothubutu kumwambia ukweli hakistahili kukabidhiwa mtoto wake.