Namba tatu kwenye orodha ya rambirambi

Na Msafiri wa Kitonga

Msiba ukitokea Tukuyu usiku, kabla jogoo hajawika aliyeko Mwanjelwa jijini Mbeya ameshajua, na wa Ipogolo kule Iringa, na wa Dar es Salaam. Kwenye grupu la WhatsApp la waliomaliza shule pamoja, "Pole sana ndugu yetu" zinafuatana kama siafu, nyingi zimenakiliwa neno kwa neno. Asubuhi mweka hazina anatupia orodha. Namba moja, jina, 50,000, tiki. Namba mbili, jina, 20,000, tiki. Namba tatu, jina, halafu neno moja: "ahadi."

Huyo wa namba tatu ndiye habari ya wiki hii, ila kumwelewa tuanze na maana ya rika.

Wanyakyusa wa Rungwe wana neno "ukwangala": kukaa na wenzako mkala, mkanywa, mkazungumza. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliliona neno hilo kuwa moyo wa maisha yao, akaandika kitabu kizima juu ya vijiji vya rika kilichotoka mwaka 1951. Mvulana wa miaka kumi hivi alihama kwa wazazi, akalala na wenzake kwenye vibanda vyao, lakini chakula walikwenda kula kwa mama wa huyu leo, kesho kwa mama wa yule. Rika hilo lilikua pamoja, likaoa, likazeeka.

Vijiji vile havipo tena. Rika lipo, ila limehamia kwenye simu. Waliotawanyika kwa kazi na ndoa miaka ishirini iliyopita leo wanajuana nani mgonjwa, nani anaozesha.

Faida yake ni kubwa. Zamani jamaa wa mbali walitegea matangazo ya vifo ya Radio Tanzania, na pesa ikapanda basi ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, jeneza linaweza kulipiwa kabla waombolezaji hawajafika.

Tatizo ni kwamba wengine siku hizi hawafiki kabisa. Ametuma, basi, amemaliza. Mwezi wa saba baridi ya nyanda hizi za juu inakata mifupa, na mfiwa anahitaji watu wa kuzunguka moto, mtu wa kupasua kuni na mwingine wa kuchota maji. Hata waliofika, tazama nyuso zao usiku: zimeng'arishwa na vioo vya simu kuliko na moto. Kwenye vilabu vya ulanzi Iringa ni hivyo hivyo. Kikombe kinamsubiri aliyeinamia video amalize kucheka.

Na orodha je? Zamani karani wa msiba alikuwa na daftari la rambirambi. Aliyetoa mia tano na aliyetoa elfu kumi waliandikwa humo, na daftari likafungwa. Siku hizi kila anayetoa, orodha hunakiliwa upya na kurushwa tena, hivyo jina la asiyekuwa nacho linapita mbele ya wenzake mara kumi kwa siku. Siku ya tatu msimamizi wa grupu anapata taarifa kwamba fulani amejitoa, na habari inasambaa. Watu wanasema ana dharau. Huenda mbolea ya mahindi imemmaliza, akaona aibu kuandika "sina" mbele ya watu themanini.

Waweka hazina wa Mbeya na Iringa wanaweza kulimaliza hili bila kikao. Kwenye grupu wapandishe jumla iliyopatikana. Nani katoa kiasi gani kibaki kwenye daftari, na familia ikabidhiwe daftari hilo siku ya kuanua matanga. Namba tatu apigiwe simu, aulizwe kama atakuja kulala msibani.