Ushuru wa soko na watoto wasioandikwa



Mara ya mwisho nchi yetu kuhesabu watu ilikuwa 1984. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, na Ituri ilikuwa bado ndani ya Haut-Zaïre. Tangu hapo vita imetuhamisha mara ngapi? Hapa Bogoro, Februari 2003, waliopona walikimbia wakaacha mashamba. Kijiji kikihama, soko linakufa na ushuru wake unakufa. Bunia nayo inapokea watu wengi, lakini mtu aliyeacha jembe nyumbani atatozwa nini?

Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba haiwafikii yote. Pengo hilo tunaliziba sisi, kwa tiketi ya soko, asubuhi kabla hatujauza hata fungu moja la samaki wa Kasenyi!

Basi ukilipa, mama, dai karatasi yako. Na ukijifungua, mwandikishe mtoto kwa ofisi ya serikali kabla ya siku 90. Ni bure. Asiyeandikwa haonekani wakigawa pesa za shule na dawa.