Kompyuta haisomwi kwa simu peke yake
Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa, kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na kina kituo chake Bukoba. Kwa mwalimu au karani wa kata ya Kimwani, wilayani Muleba, hiyo ni nafuu kubwa: hahami, haachi kazi wala migomba yake.

Ila somo la utangulizi wa kompyuta lina ukaidi wake. Historia mtu anaisoma kwenye simu hata akiwa ndani ya basi. Kompyuta haikubali. Anayeanza lazima ashike kipanya, aandike =SUM kwenye jedwali, ashangae jumla ikitoka sifuri kwa kuwa namba zimeingia kama maandishi, kisha ahifadhi faili na akumbuke kaliweka folda gani. Kwa simu tupu hayo hukaririwa tu, kwa ajili ya mtihani.

Sekondari yenye chumba cha kompyuta hukifunga wanafunzi wakirudi nyumbani. Kwa nini? Halmashauri ianze na shule moja: chumba kifunguliwe jioni na Jumamosi, wanaosoma kwa masafa wachangie umeme, na msimamizi alipwe posho.